Mablanketi ya Mashavu

"Funika jua, ndipo ukate mti." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo mkacheka, eti jua linafunikwaje! Haya, kaeni. Methali hii ilianzia juu ya bati, na mpumbavu wa kwanza kuihitaji nilikuwa mimi, Shekalaghe, babu yenu.

Masika yale upepo uliangusha mkaratusi juu ya nyumba ya shemeji yangu Mashavu, mjane wa kaka yangu. Ukalalia paneli zake za umeme wa jua. Mbili zikapasuka, waya mmoja ukachomoka ukaning'inia juu ya bati. Umeme ule ndio uliopasha joto mashine yake ya kutotolea vifaranga, na ndani mlikuwa na mayai mia na ishirini, yamebakiza siku mbili yaanguliwe. Ndiyo yaliyokuwa tegemeo lake la mwaka. Akayafunika kwa mablanketi mawili mazito yasipoe.

Kwetu mti ukiangukia nyumba, watu hawangoji kuitwa, na wa kwanza kupanda na panga husifiwa mwaka mzima. Asubuhi ile nilifika wa kwanza. Mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka, bati bado limelowa. Nikaegemeza ngazi, nikapanda.

"Shemeji, shuka," Mashavu akasema. "Hizo paneli zina umeme."

"Si umeshazima swichi?"

"Nimezima ya ndani. Fundi aliniambia, hata zikipasuka, zikiona jua zinafanya kazi. Utakata tawi, waya uguse bati, tukuzike."

"Mayai yanapoa, shemeji!"

"Najua. Ni yangu. Lakini tufunike jua kwanza, ndipo mti ukatwe."

Nikashuka nimenuna. Watu waliokwisha kufika wakacheka, mmoja akamuuliza Mashavu atapata wapi kifuniko cha jua. Mashavu aliingia ndani, akayafunua mayai yake, akatoka na mablanketi yote mawili.

Kabla hajafika ukutani, mti ukateleza kidogo. Waya ukagusa bati, cheche zikaruka pale pale ngazi yangu ilipoegemea. Kicheko kikaisha.

Kwa mianzi mirefu mikavu, tukiwa mbali na bati, tuliyatandaza mablanketi hadi paneli zisione mwanga. Tukamngoja fundi, akazitenganisha nyaya. Ndipo mapanga yakafanya kazi.

Wanawake walikuwa wameyagawana mayai, kila mmoja akayakumbatia ndani ya khanga yake. Hata hivyo arobaini na tisa hayakuanguliwa. Nilikwenda kumpa pole Mashavu, nimejaa aibu.

"Kuku watataga mengine," akaniambia. "Kaka yako nimeshamzika. Wewe sikuwa tayari."

Tangu siku hiyo, mtu akiikimbilia kazi kwa pupa na hatari yake bado i hai, hatumbembelezi. Tunamwambia: funika jua, ndipo ukate mti.