Kwa Nini Programu za Simu Huondoka Bila Kuaga

Zama zile simu zilipokuwa bado ngeni mikononi mwa watu, programu hazikuwa na tabia ya kujifunga ghafla. Ndani ya kila simu mlikuwa na chumba kimoja, ndiyo kumbukumbu, na programu iliyotaka kufanya kazi ilitandika mkeka wake humo. Katika simu ya mama mmoja aitwaye Kalekwa, chumba hicho kilitunzwa na Bi Mwanahija, mkarimu kupita kiasi, na ukarimu wenyewe ndio uliomponza.

Kwake mgeni hafukuzwi. Aliyemaliza kazi aliulizwa hali za nyumbani, akasindikizwa hadi mlangoni, na pale mlangoni maongezi yakaanza upya. Ramani aliaga tangu asubuhi, lakini mkeka wake ulikuwa haujakunjwa. Muziki vivyo hivyo. Mchezo, bwana mmoja mnene, alitandika mkeka wa kukalia na mwingine wa kunyooshea miguu. Bi Mwanahija alichoka, jamani. Miguu ilimuuma, sauti ilimkauka, na kila alipogeuka palikuwa na mtu wa kuagwa.

Siku moja mwana wa Kalekwa alishikwa na homa, mwili ukaanza kumkakamaa. Kalekwa akataka kumpigia dereva wa bodaboda. Programu ya kupigia ikaingia chumbani mbio, mkeka kwapani, ikakosa pa kuutandika.

"Sogeeni, wanangu," Bi Mwanahija aliwasihi. "Mwenzenu ana dharura."

"Tunaondoka, bibi," walijibu kwa adabu zote. "Ngoja tuagane kwanza."

Basi wakaagana. Wakaombeana heri, wakatumiana salamu, wakakumbuka jambo walilosahau kusema. Chumba kikajaa pomoni, simu nzima ikaganda. Bi Mwanahija akamsikia Kalekwa akilia huku akibonyeza kioo kisichoitika, na kilio kile kikamkata maini. Akashika mikeka ya Mchezo, akaivuta huku bwana huyo akiwa bado juu yake, akamtupa nje neno likiwa mdomoni. Dereva akapatikana, mtoto akawahi kutibiwa.

Wageni walinung'unika kuwa bibi hana adabu siku hizi. Bibi alikuwa ameketi, anapumua. Watunzaji wa simu nyingine walipopata habari, nao wakafanya kama yeye.

Na tangu siku hiyo, kumbukumbu ya simu ikijaa, programu hufungwa ghafla, hata ukiwa katikati ya jambo lako. Usiwatukane watunzaji. Bado wanawapenda wageni, ila wamechoka, na kuaga kwa wageni hao hakuna mwisho.