Paka wa Sanduku la Saumu

Paka mweusi huanza mwekundu. Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo baba yenu, alipotaka kumfukuza fundi wa dari kabla kazi haijafika nusu, nanyi mkaja mbio kuuliza ni paka gani huyo. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Tanga, katika nyumba iliyokuwa ikichemka kwa harusi, biharusi Saumu alikuwa ndani akifuta machozi kwa mikono yenye hina. Alasiri ile mumewe angemchukua kwenda Tabora, na paka wake Kaniki, aliyekua naye tangu utotoni, alikuwa mzee asiyeweza safari. Rafiki yake Mwanjaa alikuwa mchoraji wa wanyama. Alichora kwa chaki laini za rangi, zile zinazoacha unga vidoleni, picha zisizozidi kiganja. Aliapa kwamba Saumu hataondoka bila Kaniki.

Basi akaketi uani, Kaniki amelala juani mbele yake, akaanza kwa rangi ya chini. Alipaka nyekundu mwili mzima, akailowesha kwa brashi ili ishike kwenye karatasi. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, maana mgongo ulikuwa umekaa sawasawa.

Lakini hakuna kilichoingia kwenye sanduku la biharusi bila ruhusa ya somo wake, Bi Mishi. Ndiye aliyemfunda Saumu, na ndiye aliyekagua kila doti ya kanga na kila chupa ya marashi. Alipita uani, akasimama ghafla.

"Ala! Nini hicho?"

"Ni Kaniki, Bi Mishi."

"Kaniki mweusi tii! Huyu umemchuna ngozi? Damu haiingii kwenye sanduku la mwari wangu!"

"Hiyo ni rangi ya chini tu. Nyeusi itakuja juu."

"Kama mwisho ni nyeusi, si uanze na nyeusi? Unazunguka mbuyu tu, na saa zinakwenda."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakaacha nyungo zao. Mwanjaa aliona aibu, kisha aibu ikageuka ujeuri. Akamnyooshea karatasi nyeupe na chaki nyeusi.

"Basi mchore wewe. Saumu ataamua."

Bi Mishi hakuwa mtu wa kukimbia ngoma. Alikunja kanga, akaketi, na vigelegele vikapasua ua. Alisugua nyeusi kwa nguvu zote. Mwanjaa akaweka buluu tumboni penye kivuli, zambarau shingoni, kisha nyeusi kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi, akiacha wekundu uchungulie mabegani.

"Nimemaliza!" Bi Mishi akapiga kelele. Watu wakashangilia. Mwanjaa alikuwa bado kwenye masharubu.

Hatimaye picha zote mbili zikapelekwa ndani, na wanawake wakasongamana mlangoni kama wanagawiwa pilau. Saumu alitazama ya kwanza.

"Hii nini, somo? Sufuria?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Bi Mishi mwenyewe alijitahidi kununa, akashindwa.

Kisha Saumu akatazama ya pili. Akanyoosha kidole amkune nyuma ya sikio.

"Usiguse, utamfuta!" Mwanjaa alipiga ukelele.

"Ni yeye," Saumu alisema huku akilia na kucheka. "Jua limempiga begani. Huwa hivihivi."

Bi Mishi alitoka hadi uani, akainama juu ya Kaniki. Manyoya ya begani, juani, yalikuwa na wekundu.

"Miaka yote namfukuza jikoni," alisema polepole, "na sijawahi kumwona."

Akarudi ndani, akaitia picha katika fremu ya kioo, akailaza kwa mkono wake katikati ya kanga.

Baadaye Bi Mishi alipata mwari mwingine. Siku msichana huyo alipounguza wali wake wa kwanza, mashangazi wakaanza kumzoma kwamba mke hapo hakuna. Bi Mishi alisimama kati yao na yule mtoto aliyekuwa akilia, mkono kiunoni.

"Mwacheni," alisema. "Ndiyo kwanza naweka rangi ya chini. Paka mweusi huanza mwekundu."