Nyoka Aliyepita Mapajani mwa Shekhe Zubeiri

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba Shekhe Zubeiri bin Hamadi, aliyechunga mbuzi ujanani kabla ya kushika elimu, alikuwa akiswalisha msikitini, ameketi kwenye tahiyatu ya alasiri, nyoka alipompitia mapajani. Waliokuwa nyuma yake wakatimka. Yeye hakutikisika, akatoa salamu kwa utulivu, na nyoka akajiendea zake.

Basi mji ukalipuka kwa furaha. "Karama! Karama!" Watu wakagombania maji ya udhu wake. Shekhe alitaka kueleza, lakini kila alipofungua kinywa waliitikia "Amin!" Na nafsi, tusidanganyane, ikaanza kuonja utamu. Akanyamaza.

Siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wamemzunguka, akaja Bi Mwanatumu, mjane mfinyanzi wa vyungu.

"Shekhe, nyoka kahamia kwenye mitungi yangu. Nisomee dua nikamtoe kwa mkono, nami asinidhuru."

"Yukoje, mwanangu?"

"Mnene, mfupi, kichwa kipana. Nikisogea anavimba na kufoka."

Shekhe akamtambua mara moja. Huyo alikuwa kifutu, na kuumwa naye ni mauti. Akiendelea kunyamaza, sifa inabaki, lakini mama huyu anakwenda kufa. Akasimama mbele ya wote.

"Usimguse! Wallahi, sina karama yoyote. Yule wangu ni nyoka wa nyumba: mwembamba, rangi ya udongo, mistari myeupe inampita kwenye jicho. Namjua tangu machungani. Hana sumu, anafuata panya tu. Angekuwa kifutu, ningevunja swala na mlango pia!"

Bi Mwanatumu akaangua kicheko, na msikiti mzima ukamfuata. Wanaume wakachukua fito ndefu, wakamtoa kifutu. Shekhe akawausia kwamba asiyewajua nyoka asimshike hata mmoja.

Kesho yake hakuna aliyembusu mkono. Alikuja Bi Mwanatumu peke yake, na chungu kipya.

"Shekhe, nimekuja kuombewa dua."

"Tena? Si nimekwambia sina karama?"

"Ndiyo maana nimekuja. Umekubali kupoteza sifa ili nisipoteze roho. Dua ya mtu wa namna hiyo ndiyo ninayoitaka."

Shekhe akalia kwa furaha, akainua mikono.

Ndugu zangu, tumuombe Mola atujaalie ulimi unaosema kweli hata pale ukimya unapotupamba.