Kibao cha Mashine ya Nazi

Sogeeni, nyinyi mnaopenda kuamua mambo ya watu. Leo nina kesi ya nazi, na mimi imenishinda.

Palikuwa na watu watatu huko Pangani, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwanakheri, mpishi wa wali wa harusi, alikuwa na sikio: akikuna nazi, husikia sauti ikibadilika kabla meno ya mbuzi ya kukunia hayajagusa kifuu. Fundi Mhando, mchomeleaji, alikuwa na mkono: chuma kilimtii kuliko watoto wake. Wakili Namkunda alikuwa na jicho. Huyu alisomea uhandisi wa mitambo, kisha akasomea sheria, na kazi yake ni kuwaombea wabunifu hataza, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, asikiige mwingine. Spana aliziacha zamani, ila mikono bado ilimwasha.

Aliyeanza ni Bi Mwanakheri. Kwenye harusi moja nazi zilikunwa kwa mashine, mashine ikakuna mpaka vifuu, na bwana harusi akavunjika jino. Bi Mwanakheri aliona aibu hata kwenda sokoni. Akamfuata Mhando.

"Nitengenezee mashine inayojua kukoma. Nazi ni laini, kifuu ni kigumu. Meno yakigota kwenye kigumu, yarudi nyuma."

"Haya, shangazi. Na tutaipa jina la aliyeibuni." Mhando akakata kibao cha bati chenye nafasi ya jina moja tu, akakipigilia mbele.

Kisha Mhando akaingia kazini. Aliunguza mota na vidole, mwisho akayakalisha meno juu ya springi. Yakigota kifuu, yanarudi. Yalirudi kweli, ila springi iliirusha na nazi yenyewe, ikapita dirishani na kuangusha dishi la jirani.

"Si imekoma?" Mhando akajitetea. "Hukusema ikomee wapi, shangazi!"

Wakaipeleka mashine kwa Namkunda awaombee hataza. Kazi yake ilikuwa kuichora mashine na kuieleza, basi. Akachora nusu, akasita.

"Fundi, kwa nini springi iko chini ya meno?"

"Ndiko kulikokuwa na nafasi."

Wakili akavua koti, akaomba spana. Akaihamishia springi nyuma ya meno, akaituliza kwa kipande cha mpira wa tairi. Wakawasha. Nazi ikakunwa, mashine ikakoma yenyewe, kifuu kikabaki kizima mkononi mwa Bi Mwanakheri. Mama wa watu alilia kwa furaha.

Furaha ikaishia kwenye kibao.

"Jina langu," akasema Bi Mwanakheri. "Mimi ndiye niliyeaibika. Nataka watu wakija kula wali wangu walisome."

"Shangazi, wewe ulisema tu. Kusema hakuunguzi vidole." Mhando akaonyesha vyake.

Wakili akakohoa. "Kwenye hataza tutatajwa wote watatu. Sheria inataka kila aliyebuni atajwe, nikijificha nitakuwa nimeidanganya serikali. Lakini hicho kibao..."

"Wee Namkunda! Tumekuleta ututetee, sasa unagombea jina na sisi?"

"Mama, bila mimi hii si mashine. Ni manati."

Basi wako hapo mpaka sasa. Wali wa kwanza wa tui lile umepakuliwa, mweupe, unanukia mtaa mzima, na wamekubaliana hakuna kula mpaka jina liandikwe. Msinitazame mimi. Mimi nina njaa, nitampendelea yeyote aliyeshika mwiko.

Mmoja aliwaza, mmoja akaunda, mmoja akaifanya ikubali. Je, wewe ungeandika jina la nani kwenye kibao? Amua upesi, wali unapoa.