Kisima Kipya cha Njiapanda

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu, zamani ya juzi tu petroli ilipopimwa kwa ufito, palikuwa na sheli katika mji mmoja wa njiapanda. Kila asubuhi Mashaka, karani wa sheli, alitumbukiza ufito katika tangi lililofukiwa chini, akatazama ulipolowa. Siku moja akaona mafuta yamepungua. Kesho yake yamepungua tena. Na mlinzi wa usiku alikuwa nani? Kombo, mume wa Sihaba.

"Kombo anaiba," akasema Mashaka.

"Sijaiba," akasema Kombo. "Mafuta yanaingia ardhini. Chimbeni mwone."

Nani achimbe? Tajiri mwenye sheli alimfukuza Kombo, na mafuta yakaendelea kupungua vilevile. Mashaka akaona, akanyamaza. Angesema nini, na mtu keshafukuzwa? Kombo akaitwa mwizi mpaka akaingia kaburini. Sheli nayo ikafungwa, pampu zikang'olewa, watu wakapanda mahindi juu yake, wakasahau. Sihaba hakusahau. Kila akienda sokoni alisikia nyuma yake, "Mke wa mwizi wa petroli huyo," na kila mara iliuma kama mara ya kwanza.

Sihaba alikuwa na kisima uani, na mtaa mzima ulichota hapo. Asubuhi moja akapika chai, akaionja, akaitema. Ilinuka petroli. Akakifunika kisima kwa bati na mawe. Basi hapo ndipo utawajua binadamu! Wakasema ana roho mbaya, analipiza kisasi cha mumewe. Waliokuja na ndoo walimkuta amekaa juu ya bati, akawaambia, "Maji yana petroli. Nitukaneni, lakini hamchoti."

Habari zikafika wilayani, akaletwa Nasra, mtaalamu wa udongo, pamoja na wenzake na kekee ndefu ya kutoboa ardhi, watafute petroli inakotoka. Akatoboa shimo la kwanza, akanusa: udongo mtupu. La pili, udongo mtupu. La nane, udongo mtupu. Wenzake wakapakia vyombo wakaenda zao. Nasra akabaki.

Siku ya tisa Mashaka akaja, akasimama mbele ya watu. "Tangi liko hapa," akasema. "Lilikuwa linavuja. Kombo hakuiba. Nilijua, nikanyamaza."

Nasra akatoboa pale pale, udongo ukatoka mweusi, unanuka. Akapima maji ya chini yanakoelekea, akakuta yanaelekea uani kwa Sihaba. Ndipo akachagua mahali pengine, upande wa juu yanakotoka, kikachimbwa kisima kipya. Maji safi, hayana harufu. Sihaba alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Sasa mji ule una desturi yake. Kisima huitwa kwa jina la mtu aliyewapatia watu maji, na jina likishaandikwa halifutwi. Wakakusanyika.

Nasra akasema, "Wenzangu waliondoka, mimi nikabaki. Mzee Mashaka kaonyesha sumu tu. Maji kayapata nani?"

Mashaka akasema, "Mwanangu, ulitoboa mashimo manane bure. Mimi nimejivua nguo mbele ya mji, na leo wajukuu zangu wanazomewa. Mkininyima, nani tena atathubutu kusema kweli katika mji huu?"

Sihaba akasema, "Mimi nilikaa juu ya bati mkanitukana, na leo watoto wenu ni wazima. Lakini jina langu silitaki. Kiandikwe Kombo. Yeye aliwaambia chimbeni kabla yetu sote. Nataka mtoto akitumwa maji aambiwe nenda kwa Kombo, na pasiwe na mtu wa kuongeza neno mwizi."

"Shemeji," Mashaka akasema taratibu, "Kombo alisema kweli, lakini hakumpatia mtu hata kata moja ya maji."

"Kwa sababu ya nani, shemeji?"

Wapo waliomwonea huruma Sihaba, na wapo waliosema marehemu hanywi maji. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa kisima, msumari mkononi, simenti mbichi mbele yake, anangoja aambiwe.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Simenti inakauka. Je, fundi aandike jina la nani?