Siwema na Gunia Tupu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa juu, pakawa chini. Juu watu wanalala na mablanketi mawili, chini wanalala mlango wazi. Semeni: juu!
— Juu!
Na chini?
— Chini!
Basi kaeni vizuri, maana hadithi hii nikiisimulia huwa napandwa na hasira, na leo sitaificha.

Hapo kale, nchi moja ilikuwa na mlima na bonde. Mlimani kulikuwa na ukungu, baridi, na udongo mweusi laini ambao ukiuchimba unafika kiwiko hujakuta jiwe. Bondeni kulikuwa na jua, udongo wa mfinyanzi, na mtama. Mtama mwingi, mwekundu, wa kushiba.

Bondeni aliishi mjane mmoja, Siwema. Alikuwa na watoto wawili na shamba moja aliloachiwa na mama yake. Shamba hilo ndilo lilikuwa ugali wao, uji wao, kila kitu chao.

Sasa Mtemi wa nchi ile, Lukanda, akaonja mkate wa ngano. Akaupenda. Angekula tu akanyamaza, tungemlaumu? Hapana! Lakini yeye akapiga mbiu: "Kila nyumba, ya juu na ya chini, ilete gunia moja la ngano wakati wa mavuno. Atakayeleta gunia tupu miaka mitatu, ananyang'anywa shamba."

Ya juu na ya chini! Mmesikia? Kana kwamba mvua inanyesha kwa amri yake!

Aliyesimamia amri hiyo alikuwa nyapara. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, walimwita Kidevu, kwa sababu hakusema na mtu bila kumwonyeshea kidevu. Na mashamba yaliyonyang'anywa, mnajua yalikwenda kwa nani? Kwa Kidevu, alishie ng'ombe wake! Na miaka mitatu ilipotimia, wa kwanza kuhamishwa walikuwa majirani watatu wa Siwema, vyungu vyao vichwani.

Mwaka wa kwanza Siwema akang'oa mtama, akapanda ngano. Akalima, akalima, akalima. Jua likawaka, ngano ikatoa masuke ikiwa bado fupi, haifiki goti. Akapikicha suke moja kiganjani, likatoka vumbi. Akaenda barazani na gunia tupu.

"Mtemi wangu, kosa ni la jua. Bondeni kuna joto, ngano inakauka kabla haijajaza punje."

Kidevu akainua kidevu. "Jua halina kosa. Udongo hauna kosa. Mkono ndio mvivu!"

Baraza zima likacheka.

Mwaka wa pili akasema, ikiwa ni jua, nitainywesha. Akachota maji mtoni, alfajiri na jioni, mpaka utosi ukanyonyoka nywele. Maji yakakauka, udongo ukatoa magadi meupe juu. Ngano ikageuka njano, ikafa. Akaenda barazani na gunia tupu.

"Mtemi wangu, kosa ni la udongo. Una chumvi."

"Jua halina kosa. Udongo hauna kosa. Mkono ndio mvivu!"

Safari hii walimchapa viboko viwili. Mwanamke aliyebeba mto mzima kichwani!

Mwaka wa tatu akapanda mapema, mvua za kwanza. Mvua zikaja kweli. Mfinyanzi ukashika maji kama bakuli, mizizi ikaoza, na iliyobaki ikaingia kutu nyekundu. Watoto walishakuwa na mbavu za kuhesabika. Akaenda barazani na gunia tupu, na Kidevu alishakuja na kamba ya kupimia shamba.

Siwema hakulia. Akainua mikono.

"Wazee, zamani baraza hili lilikuwa linatazama viganja kwanza, gunia baadaye. Tazameni vyangu!"

Viganja vilikuwa sugu tupu. Kidevu akacheka. "Hizo ni sugu za kutwangia mtama!"

"Mtama gani, Bwana Kidevu? Miaka mitatu sijaupanda. Haya, desturi yetu inasema, anayemwita mwenzake mvivu mbele ya baraza, atalima shamba la huyo mwenzake msimu mmoja, kwa mikono yake mwenyewe. Na aliyeitwa mvivu atalima la huyo aliyemwita. Ipo au haipo?"

Wazee wakakohoa, wakatazamana. Ilikuwepo. Walikuwa wameiacha tu kwa kumwogopa Mtemi.

"Ipo," wakasema.

"Mimi?" Kidevu akatunisha kifua. "Nitaleta magunia mawili!"

Basi Kidevu akashuka bondeni, Siwema akapanda mlimani na watoto wake, kwenye shamba la Kidevu. Kidevu akalima. Jua likawaka, akachota maji. Magadi yakatoka, akayakwangua kwa jembe. Mvua ikashuka, akachimba mifereji huku amezama magotini. Alilima kweli, simsingizii.

Na Siwema? Alikwaruza udongo mara moja, akamwaga mbegu, akajifunika blanketi. Mchana analala. Magugu aling'oa alipojisikia. Ukungu ukanywesha, baridi ikalea, ngano ikachipua na kujaza masuke mpaka yakainama.

Siku ya mavuno, wote barazani.

"Viganja!" wakasema wazee.

Siwema akaonyesha. Laini! Sugu zote zimekwisha. Kidevu akaonyesha. Malengelenge na damu.

"Magunia!"

Siwema akaleta matano. Kidevu akaleta moja, tupu.

Mtemi akashangaa. "Kidevu, umekuwaje?"

Kidevu akapiga magoti. "Mtemi wangu, kosa ni la jua! Kosa ni la udongo! Bonde lile halioti ngano hata ulime mpaka ufe!"

Mtemi akatikisa kichwa kwa huruma. "Kweli, kweli. Pole sana."

Hapo Siwema akasimama. "Sema tena, Bwana Kidevu. Wa nyuma hawajasikia."

"Kosa ni la jua, la udongo."

"Sema tena."

"La jua," kwa sauti ndogo. "La udongo."

Siwema akamgeukia Mtemi. "Maneno hayo niliyasema hapa miaka miwili. Mkacheka, mkanichapa, mkaniletea kamba. Huyu kasema mara moja tu, umempa pole. Mtemi wangu, jua lililonichoma mimi lilikuwa jua jingine?"

Mtemi akatazama miguu yake.

Siku hiyo amri ikabadilishwa: mlima ulete ngano, bonde lilete mtama. Majirani watatu wakarudishiwa mashamba. Mtemi akataka kumpa Siwema shamba la mlimani, akakataa. "Nataka la mama yangu."

Mnadhani alirudi akicheka? Hakucheka. Alipanda mtama wake akiwa na hasira ile ile, kwa sababu hakuna aliyemrudishia miaka yake mitatu, na ile pole hajapewa mpaka leo.

Nimepura, nimepepeta. Punje chukueni, makapi niachieni mimi.
— Tumechukua!