Turubai Nyumbani kwa Bi. Hidaya

Kimya hakitandikiwi jamvi.

Bi. Nargisi alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiuchagua. Mabinti waliokuwa wakimenya vitunguu vya pilau ya harusi wakatazamana. Mmoja wao, Rukia, tangu asubuhi alikuwa hajaiweka simu chini. Kaka yake amesafiri na hajatuma neno, naye alishaanza kupangusa machozi ambayo hayakuwa ya vitunguu. Wakamuuliza bibi usemi huo kautoa wapi, maana shuleni hawakuufundishwa.

"Shuleni mtaupata wapi, na ulizaliwa mtaani humuhumu?" akasema. "Haya, sogezeni vigoda."

Methali hii ilianza hivi, na nyumba ilipoanzia bado mnaipita kila siku mkienda sokoni.

Palikuwa na mkaanga kachori akiitwa Bi. Hidaya. Nyumba yake haikuwa na mlango wa kubisha. Ukipita unaingia, ukiingia unakula, ukishakula unaacha neno la kuwapa wanaokuja nyuma yako. Ndivyo alivyopenda mwenyewe, kwani mumewe alikwisha kufariki na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Mwanamvua. Binti huyo tangu mdogo alikuwa akifungua redio za watu na kuzirudishia zikiwa zinaimba vizuri kuliko mwanzo. Alipokua akaenda jeshini.

Kimya cha kwanza hakikumtisha Bi. Hidaya, kwa kuwa alikwisha kuambiwa. Binti alimweleza kabisa kwamba ukuruta hauna simu, usiposikia habari ujue mtu ni mzima, yuko kwenye kwata. Basi mama akavumilia, akakaanga kachori zake, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba jeshi si kitchen party.

Siku ya kuhitimu alikwenda. Alimkuta mwanawe amekonda, shingo imerefuka, ananukia rangi ya viatu. Mwanamvua akamwambia kwamba depo, yaani huo ukuruta, imekwisha na amechaguliwa kwenda shule ya ufundi, kujifunza mitambo ya kuinulia mizigo mizito, ile yenye minyororo inayobeba lori zima likaning'inia kama mbuzi buchani. Bi. Hidaya akauliza mnyororo ukikatika inakuwaje. Binti akamshika kiganja.

"Mama, kwata ilitaka miguu. Huko ninakokwenda wanataka mikono. Mikono yangu inatulia wewe ukitulia. Nikifika nitakupigia."

Wakaagana. Siku zikapita, simu haikulia.

Kimya hiki cha pili hakuna aliyemwambia kwamba kitakuwepo. Mtaa mzima ulijua kwamba mtu akishamaliza ukuruta anarudishiwa simu yake na kuwa binadamu kama wenzake. Bi. Hidaya akaifunga simu kwenye pindo la khanga. Akikaanga, iko kiunoni. Akiswali, iko pembeni ya mswala. Kila akiona mnyororo, hata ule wa mbwa wa jirani, aliuona umekatika. Mwisho moyo ukamshinda, akamnong'oneza Mama Shija wa nyumba ya pili na kumwomba iwe siri. Siri kwa Mama Shija ilikuwa kama maji kwenye chekecheke.

Mama Shija hakuwa mtu mbaya. Alichosikia yeye stendi ni kwamba huko mbele kuna lori la askari limepinduka. Hakusema Mwanamvua alikuwemo. Alisema tu, "Tumwombee mtoto wa Hidaya." Habari ikatokea mlango wake wa mbele, ikazunguka kisimani, ikapita kwa msusi, ikapita kwa muuza mkaa, na ilipoingia kwa Bi. Hidaya kupitia uani Mwanamvua alikwisha kupakiwa ndani ya lori.

Watu wakaja kumliwaza. Wa kwanza alileta sukari. Wa pili alileta mchele. Saa sita mchana baraza lilijaa, ua umejaa, na jua linachoma utosi. Hapo vijana wakatumwa kwenda kwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, wakachukue turubai na jamvi, watu wapate kivuli na pa kukaa. Anayejua mtaa huu anajua kwamba turubai lile la kijani halijawahi kutolewa kwa sababu ya jua.

Bi. Hidaya aliliona jamvi likiingia begani kwa kijana. Alitaka kusema, "Lirudisheni." Lakini kama wangemuuliza, "Kwani wewe una habari kwamba mtoto ni mzima?" angejibu nini? Wakalitandika. Wakamshika mikono, wakamkalisha. Jamvi lilinukia ubani wa misiba yote ya mtaa, na juu ya jamvi hilohilo ndipo alipokalia matanga ya mumewe. Machozi yakamtoka. Wale waliokuwa nje na wasiwasi wao, waliposikia mama mwenyewe analia, shaka ikawatoka. Nyumba ikalipuka kwa kilio.

Wakati huo likapita gari la Shekiondo, dereva aliyekuwa akipeleka maharage na kabichi kwenye shule za ng'ambo ya milima, ikiwemo ile ya ufundi. Alipoona turubai akapunguza mwendo, akamuuliza mtu wa njiani msiba ni wa nani. Akajibiwa, nyumbani kwa Bi. Hidaya. Shekiondo alijua mama yule anaishi peke yake na ana presha. Akamaliza mwenyewe yaliyobaki, akatikisa kichwa, akakanyaga mafuta.

Kesho yake asubuhi, wanawake wakipakua uji wa wafiwa, simu ikalia kwenye pindo la khanga. Namba ngeni. Bi. Hidaya akapokea.

"Naitwa Sajini Mbwilo, wa shule ya ufundi," ikasema sauti. "Naomba kuzungumza na msemaji wa familia."

Msemaji wa familia huulizwa penye maiti. Bi. Hidaya akasema, "Zungumza na mimi, baba. Niambie tu mwili uko wapi."

"Mwili si uko hapo kwenu, mama? Sisi tunataka kujua mazishi ni saa ngapi."

"Mazishi ya nani?"

"Ya Bi. Hidaya. Mama yake Mwanamvua."

"Bi. Hidaya ndiye mimi."

Yule sajini alishusha sauti. "Mama, binti yako ni mzima. Jana nilikuwa naye karakana. Simu zao tulizikusanya siku waliyofika. Anayejifunza kushika mnyororo hashiki simu mpaka afaulu mtihani wa usalama."

Furaha ya Bi. Hidaya iliishi pumzi moja, kwa sababu sajini hakuwa amemaliza.

"Alfajiri dereva wa maharage amempa pole ya kufiwa na mama. Binti akaja kuniomba ruhusa, nikamwambia asubiri mkuu afike. Hakusubiri. Na gari la maharage limeshaondoka naye. Jioni tunaita majina, mama. Asiyeitika ni mtoro, na mtoro hapa hana karakana. Nakueleza kama mzazi mwenzangu, maana kulizuia hilo sina uwezo."

Bi. Hidaya akashusha simu. Jana aliogopa kwamba mtoto amekufa. Leo alijua yu hai, na kwamba yuko njiani milimani, kwenye makona yale, analia, anakuja kumzika mama anayekunywa uji. Na kilichomtoa shuleni si lori wala mnyororo. Ni kitambaa cha kijani kilichokuwa juu ya kichwa chake.

"Lishusheni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Nasema lishusheni. Akiliona hilo kabla hajaniona mimi, nitapata msiba wa kweli."

Vijana wakakata kamba. Jamvi likakunjwa na makombo yake. Wakajaribu kumpigia Shekiondo, lakini milimani simu haishiki. Bi. Hidaya akatoka hadi barabara kuu, akasimama juani. Kila gari lililoteremka alilihesabia mauti. Hili limekuja kasi, hili halina breki, hili mbona linayumba? Mama Shija alisimama kando yake, na wanasema ndiyo mara ya kwanza watu walimwona amekaa kimya mpaka midomo ikakauka.

Gari la Shekiondo lilipotokea, Mwanamvua alikuwa mbele, ndani ya gwanda, kichwa wazi, macho yamevimba. Akamwona mama yake barabarani. Hakushuka. Alirudi nyuma kitini, akajibana kwenye mlango wa upande wa pili kama mtu aliyeona mzuka, na Shekiondo naye akafunga breki, akaachia usukani akaanza kusoma dua.

Bi. Hidaya akapanda mwenyewe, akamwekea mwanawe kiganja shavuni.

"Nina joto, sina joto?"

"Una joto, mama," akasema Mwanamvua, meno yakigongana.

"Basi mimi si maiti. Shekiondo, geuza gari."

Binti alitaka kuingia nyumbani, anywe maji, amwone mama vizuri. Mama akakataa. Mama Shija akarusha dirishani kachori zilizofungwa kwenye gazeti, na gari likapanda mlima lilikotoka. Njia nzima mikono ya Mwanamvua ilitetemeka ndani ya mikono ya mama yake. Mama alilitazama jua, jua lilikuwa linateremka, na gari la Shekiondo halikuumbiwa haraka.

Walipofika getini walisikia majina yanaitwa uwanjani. Jina la Mwanamvua lilikwisha kupita.

Sajini Mbwilo akatoka, akamtazama mama juu mpaka chini. "Marehemu ndiye huyu?"

"Ndiye mimi, afande. Nimemrudisha."

Sajini hakucheka. Binti hakufukuzwa, kwa kuwa marehemu alikuja kwa miguu yake kumtolea ushahidi. Lakini adhabu haikukosekana. Alitolewa kwenye kundi lake, wenzake wakaendelea na mitambo, yeye akapewa ufagio wa karakana mpaka kundi jingine lije, ndipo aanze upya. Na simu, hakuna.

Wakati geti linafungwa Mwanamvua aligeuka. Bi. Hidaya alikumbuka lile neno la siku ya kuhitimu. Akainua kiganja kimoja, akakikunjua, akakishikilia hewani kimya kabisa, binti akione kwamba kimetulia. Mkono mwingine aliuficha ndani ya khanga, kwa sababu huo ulikuwa unatetemeka kama jani. Geti likafungwa.

Kimya cha tatu kilikuwa kirefu kuliko viwili vya kwanza. Watu hawakuacha kuja, na yeye hakuwafukuza. Nyumba bila watu ingemuua haraka zaidi. Siku moja Mama Shija akaingia, mkeka mdogo umekunjwa kwapani.

"Umesikia lolote, shoga?"

"Sijasikia."

"Mmh." Mama Shija akaanza kuukunjua mkeka, apumzishe miguu yake tu.

"Usiutandike huo," akasema Bi. Hidaya. Mafuta yaliruka kwenye karai, kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitikisa mwiko. "Kigoda kile pale. Hukitaki, kaa sakafuni, sakafu nimeifagia. Kachori hizi hapa, kula. Lakini kimya hakitandikiwi jamvi."

Mama Shija akaukunja mkeka wake, akaketi sakafuni, akala. Na kwa kuwa yeye hakuweza kukaa na neno, hata kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa umelipata.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, simu ikalia. Bi. Hidaya aliiacha ilie kidogo, kwa kuogopa, kisha akaipokea. Sauti ikasema, "Mama, nimefaulu usalama. Mikono imetulia." Bi. Hidaya akakaa chini, sakafuni, pasipotandikwa kitu.

Tangu siku hizo jamvi la chama liko ndani ya chumba chenye kufuli. Ukienda kuomba ufunguo, katibu hakuulizi jina la aliyekufa. Anakuuliza, nani amemwona maiti? Usipokuwa na jibu, unarudi mikono mitupu.

Bi. Nargisi akapepeta ungo wake, makapi yakaruka uani.

"Lakini bibi," akauliza Rukia, "hicho kimya cha tatu, Bi. Hidaya hakuogopa?"

"Aliogopa mpaka akaunguza kachori. Nani kakwambia watu walimkataza kuogopa? Kuogopa kila mzazi anaogopa. Ila hofu yake aliikalisha sakafuni. Sasa weka simu hiyo chini, vitunguu havijimenyi."

Rukia akaigeuza simu kifudifudi juu ya kinu, akavuta sinia la vitunguu karibu. Moyo ulikuwa bado unamdunda. Jirani mmoja alipochungulia mlangoni kumuuliza kama kaka kapiga, hakulia tena. Alijibu kwamba hajapiga, akamsogezea kigoda, na akamwambia lile alilolisikia: kimya hakitandikiwi jamvi.